Dagoretti Ipi? Ushauri kwa Anayeunda Apu Yake ya Kwanza

Simu ilikuwa juu ya benchi la seremala, kebo ya USB imepita katikati ya vumbi la mbao mpaka kwenye kipakatalishi kikuukuu. Kijana akabofya kitufe cha "Oda mpya". Skrini ikawa nyeupe kwa nukta moja, kisha apu ikajifunga. Akabofya tena, ikajifunga tena. Mara ya tano akanigeukia.

"Mwalimu, jana ilikuwa inafanya."

Ni Dagoretti Corner, Nairobi, kwenye karakana za samani zilizojipanga kando ya Ngong Road. Baba yake hutengeneza sofa na vitanda. Kijana alikuwa amejifunza Kotlin kwa miezi mitatu ili amtengenezee mzee apu ndogo ya kukadiria bei: unaandika idadi ya viti, unachagua kitambaa na aina ya mbao, unabofya "Hesabu", unapata jumla ya kumwambia mteja. Nilipomuuliza anadhani tatizo liko wapi, alinionyesha hesabu. Alikuwa amekesha nayo. Alikuwa amebadilisha aina za nambari, akafuta mabano, akayarudisha, akaongeza masharti ambayo apu haikuyahitaji. Jioni iliyotangulia hesabu ile ilikuwa sahihi. Kulipokucha ilikuwa imeharibika, na apu bado inajifunga.

Nimewaona vijana wengi wakipita njia hiyo, na inaniuma, kwa sababu hawa si watu walioshindwa na kuprogramu. Wamekwama kwenye waya mmoja mwembamba ambao hakuna aliyewahi kuwaonyesha ulipopita. Makala haya ni ya kuuonyesha.

Apu ya Android iliyoundwa kwa njia iliyozoeleka ina pande mbili. Skrini, yaani vitufe, visanduku vya kuandikia na maandishi, huchorwa katika faili ya mpangilio, tuseme activity_oda.xml. Kazi ya skrini hiyo huandikwa katika faili nyingine ya Kotlin au Java, tuseme OdaActivity.kt. Faili hizi mbili hazionani. Chukua swichi ya mlangoni na taa ya darini: zote mbili zaweza kuwa nzima kabisa, na chumba kikabaki giza kwa sababu waya uliopita ukutani umekatika. Fundi wa stima anayejua kazi yake habomoi ukuta wala hanunui balbu nyingine. Anachomoa testa mfukoni, anaanzia kwenye swichi, anaufuata waya.

Katika apu, waya huo ni jina. Kwenye faili ya mpangilio unakipa kitufe kitambulisho, kwa mfano kitufeHesabu. Kwenye Kotlin unatoa amri iitwayo findViewById, na Android inakwenda kukutafutia kitu chenye jina hilo. Ikikipata, umeunganishwa. Isipokipata, inakurudishia null, yaani mkono mtupu, na haisemi neno. Kelele zinaanza mstari unaofuata, pale msimbo wako unapojaribu kukitumia kitu ambacho hakipo.

Sasa, anayeishi huku anaijua vizuri shida ya jina. Mgeni akimwambia kondakta "nishushe Dagoretti", atashushwa, na huenda akajikuta mbali na anakokwenda. Dagoretti Corner ni hapa, Naivasha Road inapokutana na Ngong Road, mbele kidogo ya jumba la maduka la Junction ukitoka mjini. Dagoretti Market iko kilomita kadhaa upande wa magharibi, njia ya kuelekea Kikuyu. Juu ya hizo kuna maeneobunge ya Dagoretti Kaskazini na Dagoretti Kusini. Jina alilotaja mgeni lipo, kondakta hakumdanganya, na mtu amepotea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye simu ya yule kijana. Android Studio hukusanya vitambulisho vya skrini zote za apu na kuviweka katika orodha moja iitwayo R.id. Unapoandika R.id.kitufeHesabu, kinachohakikiwa ni kwamba jina hilo lipo mahali fulani katika apu. Kama lipo kwenye skrini iliyofunguliwa wakati huo, hilo ni suala jingine. Matoleo ya karibuni yanaweza kukuonya kwamba mpangilio uliouita hauna kitambulisho hicho, na ukiliona onyo hilo tafadhali usilipuuze. Lakini toleo lake lilikuwa la zamani, kipakatalishi chenyewe kina RAM ya GB 4, na programu ikamruhusu kuendelea bila kulalamika.

Basi tukaanza upya, na jambo la kwanza nililomwomba ni kuondoa mikono kwenye msimbo. Tukafungua Logcat.

Logcat ni dirisha lililo chini ya Android Studio ambamo simu huandika kila inachokifanya. Anayeanza huliogopa kwa sababu linatiririka kama mto uliofurika, tena kwa Kiingereza. Ukitembea kidogo kutoka kwenye makutano haya utafika makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Kazi ya pale inategemea vipimo vilivyoandikwa kwa saa zilizopangwa, siku baada ya siku. Hakuna anayekaa kukumbuka mvua ya wiki jana ilikuwa kubwa kiasi gani. Logcat ndiyo daftari lako la vipimo. Apu ilipojifunga, sababu iliandikwa humo nukta hiyo hiyo, pamoja na nambari ya mstari. Kukesha ukikisia wakati daftari liko wazi mbele yako ni kujitesa.

Namna ya kulisoma ni hii. Chagua kuona makosa pekee, ili kelele nyingine zipungue. Ifanye apu ijifunge tena, halafu tafuta maneno FATAL EXCEPTION. Chini yake utakuta mstari mrefu unaosema Unable to start activity. Usisimame hapo, huo unakueleza tu kwamba skrini ilishindwa kuanza. Teremka hadi unapokuta Caused by, yaani "imesababishwa na". Zikiwa kadhaa, ya mwisho kabisa ndiyo chanzo. Ya yule kijana ilisomeka NullPointerException, na mbele yake ilielezwa kwamba setOnClickListener ya Button imeitwa juu ya kitu ambacho ni null. Yaani: umeniambia nikisikilize kitufe kinapobofywa, na mkononi sina kitufe.

Chini ya hapo kuna ngazi ya mistari inayoanza na at. Mingi ni ya Android yenyewe, ipite. Tafuta wa kwanza wenye jina la faili uliyoiandika wewe. Kwake ulikuwa OdaActivity.kt:17. Maandishi hayo hubofyeka, nawe unapelekwa moja kwa moja hadi mstari wa 17.

"Kwenye mstari huu kuna hesabu yoyote?" nikamuuliza.

"Hakuna, mwalimu."

"Kuna nini?"

"Kuna kitufe."

Usiku kucha alikuwa amefanya kazi kwenye mstari wa 40 kwenda chini. Hitilafu ilikuwa 17.

Tukafuata waya. Jina kwenye Kotlin: kitufeHesabu. Jina kwenye activity_oda.xml: kitufeHesabu, herufi kwa herufi, H kubwa ikiwa mahali pake. Upande huo mzima. Kisha tukapanda mistari michache juu hadi kwenye setContentView, amri inayoiambia Android ni mpangilio upi wa kuufungua. Ilisema R.layout.activity_main. Siku iliyotangulia alikuwa ametengeneza skrini ya pili kwa kunakili faili nzima ya skrini ya kwanza, akabadilisha jina la juu na kusahau mstari huu. Kwa hiyo OdaActivity ilikuwa inafungua skrini ya nyumbani, kisha inatafuta humo kitufe cha skrini ya oda. Alikuwa Dagoretti Market akiulizia duka lililo Dagoretti Corner. Alibadilisha neno moja, main likawa oda, na apu ikafunguka. Baadaye tuliirudisha hesabu ilivyokuwa, na hilo ndilo lililotuchukua muda mrefu.

Wenyeji wa huku walitatua shida yao ya jina zamani. Walisema "Corner" na wakasema "Market", yakaisha. Nawe fanya hivyo tangu siku ya kwanza. Anza kila kitambulisho kwa jina la skrini yake: oda_kitufe_hesabu, nyumbani_kitufe_oda, malipo_kisanduku_kiasi. Ukiona oda_kitufe_hesabu ndani ya faili inayofungua activity_main, jicho litaligundua kosa kabla ya simu. Majina kama button1, button2 na textView7 yafute siku hiyo hiyo. Na chagua lugha moja ya majina. Sioni ubaya wa kuyaandika kwa Kiswahili, mimi huandika hivyo. Ubaya ni kuanza na kitufe kwenye skrini hii na btn kwenye ile, halafu ukatafuta kitufeTuma wakati uliandika btnTuma.

Jina likiwa sawa na skrini ikiwa sawa, uliza wakati. Skrini haipo mpaka setContentView iifungue. Ukiita findViewById mstari mmoja kabla ya hapo, utarudishiwa null hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Kuna kosa jirani ambalo huwakamata hasa wanaopenda msimbo nadhifu: wanatangaza vitufe vyote juu kabisa, nje ya onCreate (kazi ambayo Android huiita skrini inapoanzishwa), na kuvitafuta kwa findViewById papo hapo. Wakati huo skrini yenyewe haijazaliwa. Dalili yake iko kwenye Logcat, na ni wachache wanaoitambua: badala ya Unable to start activity utasoma Unable to instantiate activity. Neno moja limebadilika, nalo linakwambia kwamba apu haikufika hata onCreate. Ukiliona, angalia mistari ya juu ya faili yako na uhamishe utafutaji wa vitufe ndani ya onCreate, chini ya setContentView.

Kuna pia hitilafu zinazongoja hadi kidole kiguse. Ukiwa umeandika kwenye XML kwamba kitufe kikibofywa kiite kazi iitwayo hesabu, kwa kutumia android:onClick, apu itafunguka vizuri, utafurahi, utambofyia mteja, na ndipo itajifunga. Logcat itasema haikuipata hesabu(View). Soma mabano hayo kwa makini. Kazi hiyo lazima ipokee View, hata kama huitumii, na isifichwe kwa neno private. Ukiandika fun hesabu() bila chochote ndani ya mabano, kwa Android hiyo ni kazi nyingine kabisa. Na ukiiweka ndani ya Fragment haitapatikana, kwa kuwa Android huitafuta kwenye Activity. Mimi huwashauri wanaoanza waiache njia hii ya XML na waandike setOnClickListener kwenye Kotlin, ili waya wote uonekane upande mmoja.

Ukigeuza kisanduku cha kuandikia kuwa maandishi ya kawaida kwenye skrini na usibadilishe Kotlin, utapata ClassCastException: ulitarajia EditText, ukapewa TextView. Hilo ni jepesi. Jepesi zaidi ni ActivityNotFoundException unapofungua skrini ambayo hukuiandikisha. Ujumbe wake unakuuliza wazi kama umeitangaza kwenye AndroidManifest.xml. Nenda kaitangaze.

Gumu ni lile lisilojifunga. Unabofya, hakuna kinachotokea, na Logcat kimya. Hapo wengi huhisi wamerogwa. Tumia testa: mstari wa kwanza kabisa ndani ya kitendo cha kitufe, andika Log.d("JARIBIO", "nimebofywa"), kisha bofya huku ukiangalia Logcat. Maneno yakitokea, waya ni mzima na shida iko mbele, kwenye kazi yenyewe. Yasipotokea, waya umekatika, na hesabu yako haina hatia. Kwa mstari huo mmoja umeigawa apu nzima sehemu mbili na ukajua nusu ya kutafuta. Nikikuta waya umekatika hivyo, jambo la kwanza ninaloangalia ni vitu viwili kwenye skrini moja vyenye kitambulisho kimoja, jambo linalotokea sana ukinakili kitufe na kukibandika tena. Android hukupa cha kwanza inachokutana nacho, na wewe unabofya cha pili. La pili ni kitu kisichoonekana kilicholala juu ya kitufe na kukamata mguso.

Ukitaka kuona zaidi ya hapo, bofya pembeni mwa nambari ya mstari hadi itokee nukta nyekundu, kisha endesha apu kwa alama ya mdudu badala ya ile ya pembetatu. Apu itasimama kwenye mstari huo ikungoje, na utaona kila kitu kimebeba nini. Ukisoma kitufe = null kwa macho yako mwenyewe, hutasahau tena maana yake.

Hitilafu moja ilinichanganya mimi mwenyewe kwa siku mbili, miaka iliyopita. Apu ilifanya kazi mezani kwangu. Mteja akiishika, inajifunga. Nilimlaumu kimoyomoyo kwamba anaibonyeza vibaya. Kumbe alikuwa akiilaza simu ili aone maandishi makubwa. Nilikuwa nimetengeneza mpangilio wa pili kwenye folda ya layout-land, unaotumika simu ikilazwa, na kitufe kimoja sikukiweka humo. Tangu siku hiyo, kabla ya kumkabidhi mtu apu, ninaizungusha simu kwenye kila skrini. Nakuomba nawe ufanye hivyo.

Sasa niseme jambo ninalolisisitiza darasani hadi wananichoka. Usiinyamazishe hitilafu. Kotlin ina alama ya kuuliza na nukta, na mtu akikushauri uandike kitufe?.setOnClickListener, apu itaacha kujifunga. Maana ya alama hiyo ni: kama kitufe kipo, kisikilize, kama hakipo, endelea tu. Umezima king'ora na mwizi bado yumo ndani. Vivyo hivyo kuzungushia kila kitu try na catch yenye mabano matupu. Kitufe kitabaki kimekufa, Logcat haitasema, na aliyekutuma kazi ndiye atakayegundua. Apu inayojifunga mbele yako inakusaidia kuliko ile inayojifanya nzima.

Wala usione aibu kwa hiyo null. Mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, Tony Hoare, aliiingiza kwenye lugha ya ALGOL W mwaka wa 1965 kwa sababu ilikuwa rahisi kuiweka. Mwaka wa 2009 alisimama mbele ya waprogramu wenzake jijini London akaiita kosa lake la dola bilioni moja. Waundaji wa Kotlin waliijenga lugha yao kwa nia ya kuidhibiti null hiyo hiyo, lakini findViewById ni ya zamani kuliko Kotlin, na hapo ndipo inapopenya.

Dawa ya kudumu ipo. Tangu Android Studio 3.6, iliyotoka Februari 2020, kuna View Binding. Unaiwasha kwa kuweka viewBinding = true kwenye faili ya Gradle ya apu, na kwa kila mpangilio Android Studio inakutengenezea kifungu chake: activity_oda.xml inakuwa ActivityOdaBinding. Ndani ya kifungu hicho kuna vitu vya skrini ya oda peke yake, kila kimoja na aina yake. Ukitaja kitufe cha skrini nyingine, mstari unageuka mwekundu palepale na apu haiendeshwi. Kosa la yule kijana lisingefika kwenye simu. Hata hivyo nashauri uandike findViewById kwa wiki mbili tatu kwanza, uuguse waya kwa mkono, ndipo uhamie huko. Aliyeanza na View Binding bila kujua inachofanya hukwama vibaya anapokabidhiwa msimbo wa mtu mwingine, na misimbo ya zamani ni mingi.

Kuhusu misimbo ya zamani, angalia tarehe ya somo unalofuata. Ukikuta mwalimu wa mtandaoni anataja kitufe moja kwa moja bila kukitafuta, huku juu kumeandikwa kotlinx.android.synthetic, somo hilo limepitwa. Njia hiyo ilitangazwa kuachwa mwishoni mwa 2020, na ukiinakili leo utapata mistari myekundu usiyoielewa, uanze kujidharau bure. Wengine watakwambia uache XML kabisa na uende Jetpack Compose, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Julai 2021. Wana hoja. Kwenye Compose kitufe na kazi yake huandikwa pamoja, hakuna jina la kutafutwa. Kama hujaanza, anza huko. Kama umefika katikati ya apu ya XML, imalize kwanza. Apu moja iliyokamilika mkononi mwa baba yako ina faida kuliko tatu ulizozihamishahamisha.

Wenzetu wachache wanaotengenezea iPhone wana waya huo huo kwa sura nyingine. Kwenye Xcode unaburuta mstari kutoka kwenye kitufe hadi kwenye msimbo wa Swift. Ukibadilisha jina kwenye msimbo baadaye, mstari wa zamani unabaki ukining'inia, na apu inajifunga kwa ujumbe unaosema kwamba class yako si key value coding-compliant, ukifuatiwa na jina. Jina hilo ndilo la waya uliokatika. Nenda kwenye storyboard, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kidhibiti cha skrini, utaona muunganisho wenye pembetatu ya njano. Ufute, uburute mpya.

Maneno machache kuhusu vifaa, kwa kuwa wengi wetu hatuna vikubwa. Usihangaike na simu ya kuigiza ndani ya kompyuta kama RAM yako ni ndogo. Itakula kila kitu na utadhani apu ndiyo nzito. Tumia simu halisi. Ingia kwenye mipangilio, mahali pa maelezo ya simu, gusa nambari ya muundo mara saba, chaguo za wasanidi zifunguke, kisha uwashe utatuzi wa USB. Kebo iwe ya kupitisha data, maana zile za kuchaji tu hazitaitambulisha simu na utalaumu kompyuta. Upakuaji wa kwanza wa Gradle ufanyie mahali penye Wi-Fi, si kwa bando lako. Na ukifikisha apu mahali inapofunguka bila shida, hifadhi hali hiyo kwa Git kabla ya kulala. Yule kijana angekuwa na Git, hesabu yake ingerudi kwa amri moja.

Ukishindwa, omba msaada, lakini uombe vizuri. Usitume picha ya skrini iliyopigwa kwa simu ikiwa imeinama, nusu yake mwangaza wa dirisha. Nakili maandishi ya Caused by na mistari mitano chini yake, uongeze mistari ya onCreate hadi mahali ilipojifunga, pamoja na faili ya mpangilio. Ukimwuliza akili unde, mpe hivyo hivyo, kwa sababu bila faili ya mpangilio haijui skrini yako ina nini, na itakuandikia upya hesabu nzuri ambayo haikuwa na kosa. Iambie ikueleze mstari mmoja. Usiiambie ikurekebishie yote.

Na leo usiku, kabla hujalala, fanya zoezi hili. Chukua apu yako ndogo inayofanya kazi, uihifadhi, kisha uivunje kwa makusudi. Fungua mpangilio usio wake, uone Logcat inasemaje, unakili ujumbe kwenye daftari, urudishe. Hamisha findViewById juu ya setContentView, nakili, urudishe. Iondoe View ndani ya mabano ya onClick. Ipe vitufe viwili kitambulisho kimoja. Futa Activity kwenye manifest. Kila mara andika upande wa kushoto ulichovunja, upande wa kulia kilichosemwa na simu. Litakuchukua kama saa moja na nusu. Yule kijana wa karakana ana daftari hilo sasa, limejaa vumbi la mbao, nalo hukaa kwenye droo ya vipimo, kando ya penseli ya mzee.